Mashuka Yasiyokamuliwa

Dobi ninayempigia pasi ni mwanamke mpole, ila ukimkalia kooni atakuonyesha cha mtema kuni, tena huku anakuchekea. Tangu aachike anaishi chumba cha uani kwa kaka yake, na kamba zake za kuanikia zinakatiza uwanja mzima. Kamba hizo ndizo zinazowasomesha wanawe.

Ndipo kaka akaoa. Wifi mtu alipoingia tu, akaanza kuziba pua. "Wageni wangu wapite chini ya chupi za watu?" Akachimba chini ya kamba zote, akapanda maua. Kaka, ambaye mbele ya mkewe hana kauli, akaamua: maua yakishika, kamba ziondolewe, dada akaanike kwingine. Yakifa, uwanja ni wa dobi.

"Kwingine wapi?" dobi aliniuliza kwa hasira. Mimi nilitaka ayang'oe mchana kweupe. Akasema, "Nikiyang'oa, nitakuwa nimejifukuza mwenyewe."

Kesho yake nikamkuta anakoroga beseni: siki, chumvi nyingi, na sabuni ya vyombo kidogo ili dawa ishike kwenye majani. Ndiyo anayoulia magugu kwenye nyufa za sementi mlangoni kwake. Akatumbukiza mashuka makuukuu, akayaanika bila kuyakamua. Maji yakawa yanachuruzika juu ya maua, jua linawaka, na wifi, ambaye hajawahi kufua hata soksi yake, amekaa barazani anatazama.

"Mbona yananuka hivyo?" akauliza.

"Siki hiyo, wifi yangu. Inalainisha nguo."

Nilijiinamia kwenye pasi nisicheke. Kila asubuhi mashuka yale yale, beseni lile lile, na salamu tamu kuliko ya jana. Majani yakaanza kuungua pembeni, yakajikunja, yakawa ya kahawia. Wifi akazidi kumwagilia, akaweka mbolea, akamlaumu muuza miche. Nilimwona analia, na sikumwonea huruma hata chembe.

Mwishowe kaka akatoka, akapiga teke shina kavu, akamwambia mkewe, "Basi. Mwachie dada uwanja wake."

"Nimeyahangaikia jamani, nimeyamwagilia kila siku," wifi akasema.

Dobi alikuwa na kibanio mdomoni. Akakitoa taratibu, akakibana kwenye kamba.

"Najua, wifi," akasema. "Hata mimi nilikuwa nakusaidia kumwagilia."