Siku Bibi Alipoingia Uwanjani

Mwezi uliopita nilialikwa Arua kwenye sherehe ya kumuaga mchezaji mkongwe wa ligi ya mtaani. Kulikuwa na hotuba, soda, na kiti cha kupumzikia alichozawadiwa, naye akaketi humo na magoti yake yaliyokakamaa, akicheka na kila mtu. Nilipiga makofi kama wengine, lakini moyo wangu ulikuwa umeshatangulia Koboko, kwa baba mdogo, aliyeuacha mpira bila hotuba wala soda. Nimechoka kuibeba habari hii peke yangu, rafiki yangu, basi kaa nikusimulie.

Unakumbuka tulivyotawanyika mwaka wa 1979, serikali ilipoanguka. Baba yangu alikuwa askari. Alivuka mpaka pale Oraba akaingia Sudan, sisi wengine tukakimbilia Zaire. Mama alitutoka huko huko ugenini. Miaka ikapita, tukarudi Koboko, tukafyeka nyasi zilizoota hadi ndani ya vyumba, tukaanza upya: bibi, baba mdogo na mimi, msichana wa miaka minane. Baba hakurudi, wala hapakuja habari yake.

Baba mdogo alikuwa beki wa timu ya mtaa wetu. Jumamosi, malori ya kwenda Sudan yalipokwama mjini, madereva walikuja uwanjani kupoteza muda. Mashabiki walimshangilia baba mdogo kwa jina la babu, jina ambalo baba yangu naye alikuwa nalo. Hapo bibi akapata wazo lake. Madereva hubeba habari pamoja na sabuni na chumvi, na mji wa Kaya uko hapo tu, ng'ambo ya mpaka.

"Watu ya Kaya ikisikia jina yako," alimwambia, "ndugu yako itajua sisi iko nyumbani. Wewe cheza tu."

Basi akacheza. Bibi mwenyewe hakukanyaga uwanjani hata siku moja. Mama mtu mzima hakuonekana kwenye mambo ya mpira. Yeye alipika. Timu nzima ilikula kwetu baada ya mechi, kisra, mikate myembamba ya mtama, laini kama kitambaa, na mchuzi wa bamia, sinia limefunikwa kawa la rangi nyekundu na zambarau alilolisuka kwa mikono yake. Hakuwahi kuuliza nani kafunga. Aliuliza, "Malori ilikuwa ngapi?" Baba mdogo akisema matatu, aliongezewa nyama. Akisema hakuna, tulikula kimya, hata kama timu imeshinda mabao manne.

Kazi yangu ilikuwa goti la baba mdogo. Kila Jumamosi jioni nilichemsha maji ya chumvi nikamkanda goti la kulia, ambalo mwaka hadi mwaka lilizidi kuvimba na kutoa sauti ya changarawe. Wenzake waliacha mmoja mmoja, wakawa mashabiki wenye vitambi. Yeye akabaki na vijana waliomwita mzee kabla ya kumpiga chenga. Kila msimu alisema huu ndio wa mwisho, na kila msimu bibi alimtazama tu, naye akachukua viatu vyake.

"Mimi nimechoka, mutoto," aliniambia siku moja, maji yakiwa yameshapoa. "Lakini nikiacha, itakuwa kama mimi ndiyo nimemuzika baba yako."

Nami, Mungu anisamehe, nililikanda goti lile ili lirudi uwanjani.

Kisha vita vikachacha upande wa Sudan, malori yakapungua. Jumamosi moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, jirani alikuja mbio kutuambia baba mdogo ameanguka na anakataa kutoka. Bibi aliacha chungu motoni, akajitanda shuka lake, tukaenda. Tulimkuta amesimama kwa kushikilia mlingoti wa goli, mguu wa kulia ukining'inia. Pembeni palikuwa na lori moja tu. Dereva wake alikuwa amelala chini yake, kofia usoni.

Bibi alimtazama dereva yule kwa muda mrefu. Halafu akavuka mstari wa chokaa, mpira ukiendelea. Refa akapuliza filimbi. Watu wakacheka, wengine wakamzomea, kisha wakanyamaza wenyewe walipoona anakwenda wapi.

"Mutoto yangu, imetosha," alimwambia, akimshika mkono. "Moja ilipotea. Sitaharibu ingine."

Hakuna aliyewahi kutamka mbele yangu kwamba baba amepotea. Nyumbani tulisema baba amechelewa, baba yuko njiani. Baba mdogo alikuwa mzito na alihitaji mtu wa kumwegemea, basi tukamtoa, bibi upande mmoja na mimi upande wa pili.

Leo uwanja ule umejaa maduka. Madereva wana simu, wanampigia wamtakaye. Bibi amekwenda, baba mdogo naye alimfuata, na kisra ninayoinunua mjini naila kwa sababu ya njaa tu. Wazee wa Koboko wakiniona bado hunitania, jinsi baba mdogo alivyotoka uwanjani akilia kama mtoto kwa kuachishwa mpira. Nacheka nao kidogo, nawaacha waamini hivyo. Mimi niliyekuwa chini ya mkono wake nilimsikia. Alikuwa akimwomba baba yangu msamaha.