Foleni ya Dawa ya Barafu

Ndege yetu ilikuwa bado Minneapolis, ikingoja kunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu. Rubani alieleza kwamba dawa hiyo hunyunyizwa sehemu moja tu ya uwanja, ambako hukusanywa isiingie mtoni. Jirani yangu, Mkenya, akagonga saa yake kwa kidole.

"Si wangespray tu pale geti? Nitakosa ndege ya pili!"

Mama Mkongo aliyekaa nyuma akamwinamia. "Papa, ule mto unapita karibu na nyumba yangu, Inver Grove. Watoto wetu wanavua pale."

"Lakini mama, nimechelewa!"

"Wewe utakosa ndege. Samaki watakosa pumzi."

Mimi nilikuwa nawahi ibada ya kumbukumbu ya mke wangu, kwa hiyo haraka naijua. Kinachonichosha ni kwamba sote tunapenda mto safi, mradi usafi wake umcheleweshe mtu mwingine.