Viraka vya Umeme Mapajani mwa Kiberiti

Mtaa mzima ulimbandika fundi cherehani jina la Kiberiti, maana ukimgusa tu anawaka. Na miguu yake sasa! Alikuwa amekanyaga pedali ya cherehani tangu usichana, na wasemao hovyo (mimi simo) wanaapa mapaja yale yangesaga mahindi.

Nimonia ikamwangusha. Akazinduka chumba cha mahututi, mpira kooni, mashine ikimvutia pumzi, mapaja yamenywea kama puto la juzi. Mama wa mazoezi ya viungo akambandika viraka vya gundi vyenye nyaya.

"Umeme mdogo, dada. Unaichezesha misuli isiishe nguvu ungali umelala. Miujiza sikuahidi, lakini ukitaka kusimama tena, tuanzie hapa."

Akabonyeza. Paja likaruka kama chura aliyemwagiwa maji ya moto. Kiberiti akainua kidole gumba: ongeza!

Mama wa viungo alipokwenda kunawa mikono, akaingia wifi yake Kiberiti kumjulia hali. Kuona nyama inarukaruka, akapiga yowe la kufufua wafu.

"Mungu wangu! Wanamkaanga wifi yangu!"

Akabandua kiraka kimoja, akakitupa shukani. "Pumzika, mwaya. Nitakuogesha, nitakulisha, utakaa kitini kama malkia."

Malkia! Kiberiti alimjua malkia wa namna hiyo: mama mkwe wake, aliyelishwa kitandani na huyu huyu wifi mpaka akasahau njia ya msalani. Akamkamata wifi mkono kwa nguvu zote zilizombakia.

"Aa! Unanifinya!"

Hakuachia. Akanyooshea kidole kiraka, kisha paja.

"Anataka ukirudishe," mama wa viungo akasema mlangoni, anajizuia kucheka.

"Mimi? Nishike umeme?"

Kidole kikanyooshwa tena. Wifi akarudisha kiraka amefumba macho, akisoma dua zote alizozijua, na nyingine akazitunga papo hapo. Paja likaruka, wifi akaruka juu zaidi.

Mpira ulipotolewa kooni, neno la kwanza la Kiberiti lilitoka na sauti ya bawaba yenye kutu: "Nisimamisheni."

Wakaleta kiti cha magurudumu. Akakisukuma kando. Magoti yakagongana, jasho likamtiririka, wifi akatanua mikono kumdaka.

"Wifi, ukinigusa nakung'ata."

Akasimama, muda wa kutosha kumsema kila mtu mle chumbani. Kisha akaketi, mwenyewe, alipotaka yeye.