Sandali Tatu za Kushoto

Krrraaa... kimya kidogo, kisha tena krrraaa. Wengine humkumbuka baba yao kwa kikohozi au kwa wimbo. Mimi, wapendwa, namkumbuka wangu kwa soli ya mpira ikiburuzwa kwenye lami. Kila alasiri alishuka kutoka Mudende, kule milimani, na baiskeli iliyobeba viazi, na breki za baiskeli ile, bon, zilikuwa jina tu. Breki ya kweli ilikuwa mguu wake wa kulia. Sisi watoto wa mtaa wa Mbugangari tukiisikia, tulikimbilia njiani kabla hajaonekana. Nilimwahidi kwamba nikikua nitamnunulia pikipiki.

Sandali zake za tairi ziliisha upande mmoja. Mama akimwambia anunue nyingine, alijibu, "Ya kushoto iko muzima bado." Maneno hayo yakawa mchezo wa nyumba nzima. Sufuria ikitoboka: ya kushoto iko muzima bado. Nikipata sifuri ya hesabu, vilevile.

Mwaka mmoja, Idi ikikaribia, Mama aliniambia nifagie chini ya kitanda chao. Nikakuta sandali tatu za zamani, zote za kushoto. Nilikuwa na miaka minane na akili nyingi: nani ana miguu mitatu ya kushoto? Nikazitoa kwa mwanamke mmoja aliyepita akikusanya viatu vikuukuu vya mpira, naye akanipa karanga za kujaa kiganja. Nusu nikamwekea Baba.

Aliporudi alichukua kisu na sindano ya magunia, akainama chini ya kitanda, akapapasa sakafu tupu. Nikamweleza kwa fahari nilivyosafisha. Alinitazama, akacheka taratibu, akatafuna karanga zangu moja moja.

"Umefanya muzuri, mwanangu. Nyumba iko safi."

Kesho yake alipanda Mudende tena, maana viatu vyetu vya Idi vilikuwa bado kununuliwa. Alasiri ile sauti ilikuja fupifupi, kama ya mtu anayeogopa kugusa ardhi. Niliona damu kwenye sandali. Akasema ni jiwe. Siku ya Idi tulikwenda msikitini tukimeremeta, yeye akichechemea nyuma, nami nikanung'unika kwamba anatuchelewesha.

Baba alituacha msimu wa mvua uliopita, kwa ugonjwa wa kifua. Pikipiki sikuwahi kuinunua. Baada ya matanga nguo zake ziligawiwa. Sandali hakuna aliyezitaka. Nikaigeuza ile ya kulia. Chini yake palikuwa na soli juu ya soli, zimeshonwa kwa uzi wa magunia. Soli ya kushoto ukiipindua, inakuwa ya kulia. Ndipo nilipojua nilichotoa kwa karanga.

Soli ya mwisho ilikuwa imetoboka kisiginoni.

Ndugu zangu walikuwa uani wakiosha vyombo vya wageni. Nikatafuta kisu chake, nikaikata ile ya kushoto iliyobaki, nikaipindua, nikaishona juu ya tundu. Mishono ilikwenda ovyo. Nikaiweka mlangoni, ncha ikitazama barabara ya Mudende.