Asubuhi Tuliyoficha Baiskeli

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya zone, yaani wilaya yetu, na niliisoma mara tatu kabla ya kuamini macho yangu. Serikali ya mkoa ilikuwa inatoa saruji, nondo na fundi kwa kila mtaa uliotaka kutengeneza njia ya watu wa miguu na wa baiskeli. Mtaa wenyewe ulitakiwa kutoa mikono kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi asubuhi, na kuonyesha kwa maandishi kwamba njia yake ina wapitaji kweli. Nilirudi nyumbani mbio kama niliyefukuzwa na mbwa. Cherehani yangu siku hiyo haikushona hata kifungo.

Nilikuwa binti mshona nguo, na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shule na mwandiko wangu ulisomeka, chef, yaani mkuu wa mtaa, alikuwa amenifanya karani wake. Lakini haraka yangu haikutokana na ukarani. Ilitokana na bega la baba.

Baba alifanya kazi kwenye viwanda vya shaba, ng'ambo ya kijito kilichopita nyuma ya mtaa wetu. Daraja letu lilikuwa vipande viwili vya reli ya zamani vilivyolazwa juu ya maji, na kila aliyefika pale na baiskeli aliibeba begani na kuvuka polepole. Kiangazi ulikuwa mchezo tu. Masika yaliyotangulia, siku ya mposho, yaani ile siku kampuni ilipowagawia wafanyakazi unga, baba aliteleza na baiskeli yake na gunia lake. Unga ulikwenda na maji na bega la kulia likavunjika. Lilipona vibaya. Toka hapo akawa anabebea baiskeli bega la kushoto, ambalo halikuzoea, na kila alipotoka asubuhi mama aliacha kazi aliyokuwa anafanya mpaka akadirie kwamba ameshavuka. Mimi nilitaka daraja kabla mvua hazijarudi, na nililitaka kwa hasira.

Basi siku sita mfululizo nilikaa kando ya kijito na bakuli mbili. Kila baiskeli iliyopita, punje ya mahindi. Kila mtu wa miguu, haragwe moja. Bakuli zilijaa hata mama akaja kudai maharage yake. Niliandika dosie, jalada la maombi, yenye kurasa nne, nikachora na kijito chenyewe, nikaipeleka zone nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Jibu lilipokuja kwamba mjumbe wa mkoa atafika Jumamosi kuhakikisha, nilirukaruka uani peke yangu, kuku wakatawanyika.

Na hapo ndipo tulipojiharibia wenyewe.

Siku zile mkubwa wa Serikali hakupokewa hivi hivi. Mlivaa vitambaa vya aina moja, mlipanga mistari, mliimba nyimbo za chama na kucheza mpaka vumbi lipande, na mahali penyewe pafagiwe mpaka pang'ae. Ijumaa jioni chef wetu, mzee mpole aliyependa mambo ya heshima, alitukusanya.

"Mugeni hawezi kukuta fasi iko chafu," alisema. "Bile bikinga bya kuzeeka, bya matope, muingize byote mu lupango ya masomo. Mutafunga na funguo. Njia ikae propre."

Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Hakuna aliyepinga, na mimi karani nikawa wa kwanza kusukuma ya baba hadi uani mwa shule. Asubuhi yake, kwenye salongo, nilishika ufagio na kufagia ile njia kutoka nyumba ya mwisho mpaka kwenye reli. Nilifagia vizuri mno. Nilikuwa nimefurahi kiasi kwamba sikufikiri hata kidogo.

Mjumbe alikuwa kijana mwembamba mwenye abakost ya kijivu, ile suti ya siku zile isiyovaliwa na tai, na daftari dogo. Tulimwimbia. Alipiga makofi kwa adabu, kisha akatupa kisogo, akasimama akitazama njia. Aliangalia saa yake. Akasubiri. Bata watatu walipita. Akainama kutafuta alama za magurudumu kwenye udongo, akainuka, akafungua dosie yangu.

"Sitwayene, ni weye uliandika hii?" aliniuliza, akiniita "mwananchi" kama ilivyotakiwa siku zile.

"Ni miye."

"Unaandika bikinga binapita hapa tangu asubui mupaka mangaribi. Miye nimeona bata. Hata alama ya pneu moja haiko."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Watu wote wa bakuli zangu walikuwa pale pale, mbele yake, wanacheza. Waendesha baiskeli wa mtaa mzima walikuwa wanamwimbia mtu aliyekuja kuwaona wakipita. Na kama ningesema ukweli, ningemwaibisha chef mbele ya mgeni wa Serikali, jambo ambalo binti wa rika langu hakulifanya. Nikamwona anatoa kalamu, na nilijua kabisa anaandika kwamba nimetia chumvi. Machozi ya hasira yalinilenga, na hasira yenyewe sikujua nimtupie nani zaidi ya aliyeshika ufagio.

Baba alikuwa kwenye mstari wa wanaume, shati lake jipya limelowa jasho. Aliacha kuimba. Alikuja akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Anasema nini?"

"Anasema hakuna muntu anapita hapa, tata. Atatunyima."

Baba alikwenda kwa chef, akavua kofia, akanyoosha mkono.

"Chef, pardon. Minaomba funguo ya masomo."

Chef alimtazama, akamtazama mgeni, akatazama ile njia safi isiyo na kitu. Niliona jambo lenyewe likimwingia kidogo kidogo usoni. Alitoa funguo mfukoni, akampa.

Baba alirudi anasukuma baiskeli yake, yenye kiti kilichofungwa kwa mpira. Nyimbo zilipungua, zikakatika. Alipita katikati ya wachezaji, akafika kwenye reli, akainyanyua kwenye bega la kushoto na kuanza kuvuka. Katikati aliyumba. Mama alishika mkono wangu mpaka ukauma. Mgeni alikuwa ameacha kuandika. Baba alisimama juu ya maji, akatulia, akamaliza.

Halafu watu wote wakakimbilia shuleni.

Sijawahi kuona kitu kama kile tena. Walitoka na baiskeli zao wakiwa wamevaa vitambaa vya chama, wakajipanga, wakavuka mmoja mmoja, na waliovuka wakarudi kwa sababu ngoma ilikuwa upande huu. Wanawake walivua viatu wakapita na mabeseni kichwani. Nilicheka na kulia pamoja. Jirani yetu mmoja, fundi viatu, alivuka mara tatu, mpaka mgeni, aliyekuwa sasa anahesabu, akamnyooshea kalamu.

"Weye nilishaku-compter. Kaa chini."

Mwisho mgeni alikunja suruali, akasema anataka kujaribu mwenyewe. Alirudi na kiatu kimoja kimejaa maji. Aliketi kwenye jiwe, akakimimina, akaniomba dosie.

"Utaongeza mustari moja," aliniambia. "Andika: mjumbe wa mkoa alianguka."

Saruji ilikuja kabla ya mvua. Tulibeba mawe Jumamosi nyingi, na safari hii hakuna aliyechelewa salongo. Fundi alimwaga zege, na akatusawazishia njia hadi kwenye nyumba ya mwisho. Siku tuliyoondoa mbao, chef alisema wa kwanza kupita awe baba, naye akaja na baiskeli yake amevaa lile lile shati jipya.

Alipanda vizuri mpaka ukingoni. Hapo akashuka, akainyanyua baiskeli, akaitia kwenye bega la kushoto na kuanza kutembea juu ya zege. Watu waliangua kicheko. Mimi sikuweza. Alifika katikati kabla ya kutambua anachofanya, akasimama, akatazama chini ya miguu yake, kisha akaiteremsha baiskeli taratibu. Alibaki pale kitambo, anajisugua bega.

Akamgeukia mama, aliyekuwa ameshika beseni lake tupu.

"Panda nyuma," alimwambia.

Mama alikaa kwenye keria, akamshika kiunoni, wakavuka.