Simu ya Bi Zaitun na Kapu la Mlangoni

Saa tisa alasiri, mtaani Umoja. Mlangoni pa nyumba moja ya ghorofa ya pili kuna kapu kubwa la ukindu, na kando yake ameketi mwanamke aliyejifunga leso kiunoni, asiyecheka na mtu. Kila mgeni anayefika anatoa simu mkobani na kuitumbukiza humo kabla hata ya kuvua viatu. Simu ya mwandishi wa makala haya nayo inaingia humo. Anapojaribu kueleza kwamba ni ya kazi, mama yule anamwonyesha kapu kwa kidole tu.

Ndani mapazia yamefungwa yote. Leo bi harusi anapakwa hina, na shughuli hii ni ya wanawake watupu. Mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi, wengine wameshaanza kucheza. Hakuna anayetaka sura yake ya humu ndani ionekane kesho kwenye simu ya mtu asiyemjua, na ndiyo maana ya lile kapu.

Katikati ya sebule, juu ya mkeka, Bi Zaitun Zubeiri ameupakata mguu wa bi harusi na kuuwekea mto. Anaiminya koni ya hina taratibu, na mstari mwembamba unatoka, unapinda, unakuwa jani. Hazungumzi sana anapofanya kazi. Akitaka mguu ugeuzwe, anaugusa kisigino, naye bi harusi anaelewa.

Kati ya simu zote zilizomo kapuni, ile ya bei ghali zaidi ni ya Bi Zaitun.

“Wananicheka, nami nacheka nao,” asema baadaye, akinawa mikono. “Nilinunua simu ya shilingi elfu tisini ili ije ilale kapuni. Ukiniuliza kama ilistahili pesa zile, mwanzo ningelia. Sasa nasema alhamdulillahi.”

Bi Zaitun, 46, ni mzaliwa wa mtaa wa Jericho, na hadi leo anaishi huko katika nyumba za zamani za baraza la jiji. Kazi ya hina alifunzwa na bibi yake mzaa mama, aliyekuja Nairobi kutoka Mombasa akiwa bado kigori. Bibi alikuwa mkali. Mjukuu akikosea ua moja, mkono mzima unafutwa kwa ndimu na kazi inaanza upya. Kwa bi harusi mmoja, mikono na miguu, Bi Zaitun hulipwa kati ya elfu tano na elfu nane. Msimu wa harusi ukifika hupata kazi kila wiki, na Ramadhani ikiingia hukaa bila kazi hadi Idi ikaribie.

Kwa miaka mingi simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe yenye tochi. Ilimtosha. Kisha wakaja wasichana wa siku hizi, wanaopaka hina na kuweka picha mitandaoni, na wateja wakaanza kumwomba picha za kazi yake kabla ya kumwita. Hakuwa nazo. Bintiye, Aqsa, aliye kidato cha tatu, ndiye aliyemwambia ukweli.

“Aliniambia, ‘Mathe, wewe ndiye mkali wao wote, lakini hakuna anayejua nje ya Jericho.’ Nikaona mtoto hajakosea.”

Alijaribu kwanza simu ya bei nafuu ya jirani. Hina yake ilitoka pichani kama tope lililomwagika. Majani yote, zile nukta ndogo alizozitia kwa kuzuia pumzi, hakuna kilichoonekana. Ndipo alipoamua kwamba akinunua, atanunua yenye kamera ya kuona kila uzi, na kwamba heri asubiri kuliko kununua mara mbili.

Akiba yake ilifika nusu ya bei. Nusu nyingine aliipata kwa mtu ambaye, kwa kila hali, hakupaswa kumpa.

Bi Zaitun yumo katika chama cha akina mama wa Jericho. Kila mwezi wanachanga, na fedha zote huchukuliwa na mmoja wao kwa zamu. Mwezi ule zamu ilikuwa ya Asenath, muuza matunda wa soko la Jericho. Asenath alikuwa akiisubiri zamu hiyo anunue friji, kwa sababu parachichi zikiiva zote siku moja, za kuuza ni nusu na za kutupa ni nusu. Alitaka pia akate matunda, ayauze yakiwa baridi kwa wafanyakazi wanaorudi kutoka Industrial Area.

Mkutanoni, Bi Zaitun alipoeleza shida yake ya picha, hakuomba kitu. Alikuwa akilalamika tu. Asenath akasema zamu yake apewe Mama Aqsa, yeye atangoja mzunguko ujao. Mwenyekiti alimuuliza mara ya pili kama ana uhakika, naye akasema parachichi zimemwozea miaka yote hiyo na bado hajafa.

“Mimi ni Mwislamu, yeye ni wa kanisani, kwao ni magharibi kule, kwetu ni pwani,” asema Bi Zaitun. “Hata dada wa tumbo moja angesita. Yeye hakusita.”

Basi simu ikanunuliwa. Na hapo ndipo Bi Zaitun alipogundua kosa ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, mtu mzima hakupaswa kulifanya. Kwa miaka yote ya kuingia na kutoka kwenye shughuli za hina, kapu la mlangoni halikuwahi kumhusu. Kabambe haina kamera ya maana, kwa hivyo walinzi wa mlango walikuwa wakimpungia mkono apite nayo. Alikuwa amelizoea kapu kama mtu anavyozoea kizingiti, hata akasahau kwamba lipo. Siku aliyofika na simu mpya kwa mara ya kwanza, mama wa mlangoni aliitazama, akamtazama yeye, akamwonyesha kapu.

“Nilisimama pale na simu mkononi,” akumbuka. “Simu nimeinunua nipige picha za maharusi, na maharusi ndio hawapigwi picha. Nilikuwa nikilijua jambo hilo tangu utotoni. Sasa nitamwambia nini Asenath?”

Wapo waliomshauri aombe ruhusa ya kupiga picha za mikono tu, bila uso. Alikataa. Wanawake wanajuana kwa mikono, asema, kwa pete, kwa kucha, kwa alama ya ndui. Yeye aliingizwa katika vyumba hivyo kwa kuaminiwa, na hataki kuwa mtu wa kwanza kuuvunja uaminifu huo.

Mikono ya Aqsa nayo haikufaa, kwa kuwa shuleni hina hairuhusiwi. Basi akampaka Asenath. Alimpaka hadi kwenye viwiko, Jumapili baada ya ibada, akampiga picha ameshika parachichi. Wiki nzima wateja wa sokoni walimuuliza Asenath anaolewa na nani, naye akawajibu kwamba bwana harusi bado anatafuta nauli.

Hiyo ndiyo picha pekee ya kazi yake iliyomo katika simu ile hadi leo.

Miezi ikapita. Simu ilishinda kapuni mchana na kurudi nyumbani jioni. Asenath hakuuliza neno, na kutouliza kwake, asema Bi Zaitun, ndiko kulikomuuma zaidi. Kila alipopita sokoni na kuona ndoo ya matunda yaliyotupwa nyuma ya kibanda, alipita kwa haraka. Alifika mahali pa kutaka kuiuza simu kwa hasara amrejeshee mwenzake chochote.

Kisha ukafika mwaliko wa harusi ya Hibo.

Hibo ni binti wa familia ya Kisomali inayouza vitambaa kwa jumla, na hina yake ilikuwa ifanyike hapo hapo Umoja, nyumbani kwa shangazi yake, Bi Qali. Katika ukoo wao, asema Bi Qali, mama mzazi ndiye hutia tone la kwanza la hina kwenye kiganja cha bintiye. Mpakaji haanzi kabla yake. Lakini mama yake Hibo, Bi Nafiso, alikuwa Garissa kitandani, amevunjika nyonga, na daktari alikuwa amemkataza safari.

Hibo akaweka mikono mapajani na kusema hapakwi. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba harusi inaweza kufungwa kesho bila hina, kwa kuwa tone la mama halina mbadala. Koni zilikuwa tayari, na Bi Zaitun alikuwa amekaa bila la kufanya.

Bi Qali alikuwa na wazo. Alitoka mlangoni, akachukua simu yake mwenyewe kapuni, akapiga simu ya video Garissa. Bi Nafiso, aliyeshikiwa simu na dada yake, akasalimia wote. Hibo akanyoosha kiganja mbele ya kamera. Mama akasema mashallah, anauona, ni mkono mzuri, waendelee.

Mapazia yalikuwa yamefungwa na stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Hibo akaangalia chumba kilivyokuwa na giza, akashuku.

“Mama,” akauliza, “unaona mkono gani?”

“Wa kulia, mwanangu.”

Ulikuwa wa kushoto. Mama hakuwa anaona kitu, alikuwa akijikaza ili bintiye asihuzunike. Hibo akaanza kulia, na upande wa pili mama naye akalia, na Bi Zaitun anakiri kwamba yeye mwenyewe alilia kabla ya wote wawili.

Mapazia hayangefunguliwa, kwa kuwa majirani wa ghorofa ya mkabala wanaona hadi jikoni. Bi Qali akarudi mlangoni. Safari hii alilichimbua kapu hadi chini, akatoka na simu ya Bi Zaitun, ile ile iliyokuwa ikichekwa kwa ukubwa wake. Akamkabidhi mwenyewe na kumwambia aishike yeye kwa mkono wake, aielekeze kwenye kiganja tu.

Ilipowaka na Garissa kupigiwa tena, Bi Nafiso alimwambia dada yake amsogezee simu karibu. Kisha akasema anaona kovu.

Hibo alipokuwa mdogo aliwahi kushika sufuria ya moto, na alama imebaki chini ya kidole cha kati, ndogo, ya kung’aa. Katika chumba kile, hata aliyeketi karibu naye hakuiona. Mama yake aliiona akiwa Garissa.

“Tia hapo, juu ya kovu,” akasema. “Tia kwa niaba yangu. Na Mungu akuweke, mwenye simu hiyo.”

Bi Zaitun akatia tone. Vigelegele vilivyopigwa, asema, vilisikika hadi barabara ya Outer Ring. Kisha akaizima simu na kuipeleka kapuni mwenyewe, bila kuambiwa.

Habari hizo zilitembea haraka kuliko picha yoyote ambayo angeweza kuiweka mtandaoni. Sasa anaitwa Eastleigh, anaitwa Donholm, anaitwa South B. Kila familia ina mama, nyanya au dada aliye mbali, na wanamtaka Bi Zaitun kwa mikono yake na kwa simu yake pia, kwa sababu inaona gizani na kwa sababu wanajua haihifadhi kitu. Ikishatumika kwa tone la kwanza, inarudi kapuni. Leo pia imefanyika hivyo. Bibi ya bi harusi alikuwa Lamu, na alitaka aonyeshwe vidole kimoja kimoja.

Swali la kama simu za bei ghali zinastahili pesa zake, Bi Zaitun halijibu kwa kila mtu. Vijana wakimuuliza, huwaambia wajiulize kwanza wanataka kumwona nani. Kama ni kujipiga picha tu kibarazani, kabambe na kioo cha ukutani vinatosha. Muuzaji mmoja mjini alimwambia majuzi kwamba simu yake imepitwa na wakati, alete aongeze kidogo apewe mpya. Alimshukuru, akaondoka.

“Hii imeniletea dua za akina mama nisiowajua,” asema. “Nyingine itaniletea nini?”

Jambo moja tu bado halijakaa sawa. Zamu yake ya chama inafika mwezi ujao, na ameshamwambia mwenyekiti fedha zote apewe Asenath. Asenath amekataa. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili akakasirika, akasema alichotoa alikitoa na hadai. Bi Zaitun ameshakwenda dukani, ameichagua friji yenye mlango wa kioo ili matunda yaonekane, na ameweka arubuni, iliyobaki atailipa zamu ikifika.

Hapa anainuka, anachungulia kama simu yake bado imo kapuni, anarudi. Anaeleza kwamba Asenath hufungia wateja matunda kwa magazeti, na ana tabia moja: hafungii ukurasa ambao hajausoma. Mwandishi wa makala haya amethibitisha hilo. Alipita kibandani bila kujitambulisha, akaomba maparachichi mawili, akangojeshwa hadi ukurasa wa michezo ulipokwisha.

Kwa hivyo Bi Zaitun ana ombi, na picha aliyotupa tuichapishe kando ya maneno haya ni ile ile ya mikono yenye hina iliyoshika parachichi.

“Andika,” asema. “Akifika hapa ataijua mikono yake. Mwambie, Asenath, friji inakuja Jumamosi, nawe usinifukuze. Na ukurasa huu usimfungie mtu parachichi.”