Deo, video ya maziko yako imekwama kwenye simu ya mama

Bado mkono unakataa kuandika "marehemu" mbele ya jina la Deo. Wiki iliyopita tumemzika Misungwi, kwenye kiwanja chake, na juzi nimejikuta nampigia simu nimuulize jambo la kazi. Jamani!

Na jambo lenyewe lilikuwa video ya maziko yake.

Kwa msiomjua, Deo alikuwa fundi wa video pale Mabatini. Simu yako ya zamani ikigoma kuonyesha harusi ya dada yako, picha inaganda huku sauti inaendelea, unampelekea Deo. Anaibadilisha, anaipunguza, inateleza kama maji. Ila kwanza lazima akutukane.

"Hii ni simu au kipande cha sabuni?" Alimwambia hivyo mchungaji. Mchungaji alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Kazi alinifundisha yeye. "Kulwa, simu ya zamani ni bibi asiye na meno. Ukimpa mfupa utamkwama kooni. Msagie! Punguza ukubwa wa picha kwanza, mengine yafuate." Nikikosea: "Wewe ungekuwa mganga, kijiji kingeshaisha."

Tulianza miaka ya tisini, biashara zilipofunguliwa na deki za video zikaanza kuonekana madukani. Deo aliuza ng'ombe wa kuolea aliopewa na baba yake, akanunua deki na televisheni. Banda la mabati la kuonyeshea video kwa kiingilio, mabenchi, jenereta linakohoa nje. Baba yake alimnunia msimu mzima wa pamba.

Ugonjwa ulikuwa figo. Aliingia wodini akiwatania manesi, akatoka amefunikwa shuka.

Mama yake anaishi Sengerema kwa Minza, mdogo wake Deo. Mama alianguka, nyonga ikavunjika, hainuki bila kushikwa. Aliomba abebwe hata na kitanda chake, avushwe ziwa kwa feri, aje amtupie mwanawe udongo. Masanja, kaka mkubwa, alimjibu mbele yetu wote, simu ikiwa kwenye spika.

"Mama, mguu wenyewe huo. Utaona kwenye video."

"Nakuja, Masanja. Mnisubiri."

"Haya mama, tutakusubiri."

Akakata simu. Akatugeukia: "Tuendelee na ratiba."

Tukaendelea, na mimi nikiwemo.

Mpiga picha alikuwa kijana wa mjini mwenye kamera ya kisasa. Kwenye magrupu watu walisifia: "Video kali, mpaka machozi yanaonekana!" Hiyo video kali ikatiwa kwenye memori kadi, ikavushwa Sengerema, ikawekwa kwenye simu ya mama, ile ya kugusa ya zamani aliyoachiwa na Deo.

Nyimbo zilicheza. Mahubiri yalicheza kwa kusuasua. Jeneza lilipofika juu ya kaburi, limeshikwa na kamba, picha ikaganda. Sauti nayo kimya. Wakirudia, inaishia pale pale.

Minza akanipigia. "Kaka Kulwa, mama kavaa kitenge cha kanisani, kakaa mlangoni. Anasema mmesimama, mnamsubiri yeye."

"Si umweleze simu imekwama?"

"Nimemweleza! Anasema Deo mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Picha ikisimama, watu wanakusubiri."

Nilikaa chini. Ni kweli. Zamani mama alikuwa akivuka kuja kumwona Deo, na kapu la viazi vitamu kichwani. Deo alimkalisha benchi la mbele. Mama akitaka kutoka nje kidogo, Deo alisimamisha mkanda, banda zima likaguna, yeye akasema, "Nenda mama, wala usikimbie. Nimewaambia wakusubiri." Mama akirudi aliwashukuru wale walio kwenye televisheni: "Asanteni wanangu, nimerudi."

"Hataki kula," Minza akaendelea. "Anasema akila atachelewa. Uji unapoa, nautupa, napika mwingine. Nakuomba kaka, ifanye hiyo video icheze."

Nikaifanya. Nilipunguza picha, nikabadili fomati, nikaijaribu kwenye simu mbovu kuliko zote dukani. Nimehariri misiba mingi ya watu. Sikuwahi kufikiri mfupa huu nitakuja kumsagia mama yake Deo.

Nikavuka na feri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunichukua?"

Nilichukua simu yake, nikaweka kadi, nikamrudishia.

Ilicheza bila kukwama hata kidogo. Jeneza likashuka. Kamba zikavutwa. Masanja akatupa udongo wa kwanza, akafuata mjane, tukafuata sisi, halafu makoleo. Mama alikuwa ameisogeza simu mpaka inakaribia kugusa jicho.

"Mbona walianza?" akauliza.

Minza akamshika bega. Mama akaendelea kutazama mpaka mashada yakawekwa. Kisha akanionyesha kidole kwenye kioo.

"Mwenye shati jeupe huyu. Si ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Akailaza simu mapajani, akaanza kufungua kilemba chake taratibu.

"Minza, nivue hiki kitenge. Halafu lete huo uji."

Lala usingizi mwema, Deo. Mama yako amekula. Nilipomuaga, hakuniitikia.